Nyumba Nane na Kondoo Mmoja

Kijijini kwetu Tjaldavík, katika visiwa vya kaskazini vilivyo chini ya Denmark, hakuna anayebisha hodi. Unasukuma mlango, unavua viatu, unakaa jikoni, na kikombe cha kahawa kinakuwa mbele yako kabla hujasema umefuata nini. Ukikuta mlango umefungwa kwa ufunguo, ujue ndani kuna maiti au kuna Mdenmaki. Na kupita mbele ya dirisha la jikoni la mtu bila kuingia ni sawa na kumtangazia kijiji kizima kwamba keki zake ni ngumu. Mimi nimezaliwa hapa. Haya yote nayajua tangu sijaota meno, na ndiyo maana sina kisingizio kwa kile ambacho kijiji kinakiita kosa langu la mwezi wa tano, nilipokuwa, kama mwalimu wa hesabu, nikimfundisha Eyðvør upya misingi ya takwimu.

Eyðvør alikuwa na miaka ishirini na sita, mkata minofu ya samaki kiwandani, na kitu alichokitaka duniani kilikuwa kimoja: kuwa mkunga. Chuo cha ukunga kule Denmark kilikuwa kimeshamkubali, kwa sharti kwamba afaulu somo la takwimu. Alikuwa amefeli mara mbili. Sheria inaruhusu mara tatu. Akianguka tena, nafasi inapewa mwingine, na yeye atabaki na kisu na samaki mpaka azeeke.

Hakuwa mjinga hata kidogo. Tatizo ni kwamba mtihani wenyewe ni wa mdomo. Unavuta karatasi juu ya meza yenye kitambaa cha kijani, unasoma mada uliyoipata, unaieleza kwa utafiti mdogo ulioufanya mwenyewe, na mtahini kutoka nje anakuchimba. Mara zote mbili Eyðvør alitaja maana za maneno bila kukosea hata moja. Kisha mtahini akauliza kwa nini, naye akamtazama vile anavyowatazama samaki.

Kwa hiyo tulifanya marudio kila alasiri, zamu ya kiwanda ikiisha, katika darasa langu dogo lenye viti vya watoto. Mwanafunzi wa pili alikuwa Høgni, mfunga kamba wa feri, mtu mkubwa ambaye kiti cha mtoto kilikuwa kikimng'ang'ania kila aliposimama. Alitaka cheti cha unahodha, lakini bila haraka.

Tulianza na wastani. Høgni siku moja alifika dakika ishirini kabla ya kipindi, kesho yake akafika dakika ishirini baada. Akadai kwamba kwa wastani anafika kwa wakati, na kwamba mimi kama mwalimu wa hesabu nilipaswa kumsifu. Nikamweleza kuwa ndiyo maana tunapima na mtawanyiko, yaani namba zinatangatanga umbali gani kutoka kwenye wastani wake, na kwamba wake yeye ungemfukuzisha kazi mahali popote isipokuwa kwenye feri yetu.

Tukaja kwenye namba ya kati. Nikawaambia wapange kondoo wote wa kijiji kwa unene, kisha wamshike aliyesimama katikati ya mstari. Eyðvør alielewa papo hapo. Nikamuuliza kwa nini wakati mwingine huyo ni bora kuliko wastani. Akachora kondoo kadhaa ukingoni mwa daftari, kisha akasema kwamba labda kondoo mmoja akinenepa kupita kiasi anauvuta wastani juu, lakini yule wa katikati hasogei. Nikampigia meza kwa furaha.

Siku iliyofuata tulizungumzia mambo mawili yanayotembea pamoja bila moja kulizaa jingine. Kila mtu Tjaldavík anajua kwamba daktari wa meno akija kijijini, mvua inanyesha. Høgni aliapa kwamba tangu utotoni hajawahi kumwona yule daktari akiwa mkavu. Nikamtuma atazame daftari la hali ya hewa la feri. Akarudi amenuna: mvua ilinyesha siku zote alizokuja daktari, na pia karibu siku zote ambazo hakuja.

Mada ya mwisho ilikuwa sampuli, na hapo ndipo Eyðvør alipokuwa amefia mara zote mbili. Mtahini alimuuliza kwa nini achague watu wachache badala ya kuwauliza wote, na yeye mwenyewe hakuona kwa nini. Kuwauliza wote, alisema, si ndiyo heshima?

Nikaamua ajifunze kwa miguu. Kijiji kina nyumba arobaini na tatu, zote katika barabara moja inayopanda kutoka bandarini, na zina namba. Utafiti wake ungekuwa kukadiria kila nyumba ina sweta ngapi za sufu. Tukatia vikaratasi vitano kwenye kofia yangu, akavuta kimoja, ikatoka namba nne. Maana yake aanzie nyumba ya nne, kisha ahesabu tano tano: ya tisa, ya kumi na nne, hivyo hivyo mpaka ya thelathini na tisa. Nyumba nane basi. Aliandika mpango huo kwenye fomu ya shule, tukautuma, na ukawa rasmi.

Jumamosi akatoka na daftari. Jumapili baada ya ibada alinifuata nyumbani. Alikuwa na macho mekundu ya mtu ambaye hajalala, na alizunguka meza yangu bila kukaa.

"Nimepata wote," akasema.

"Wote wanane?"

"Wote arobaini na watatu."

Nikamwambia akae. Alikataa kahawa kwa namna ya mtu aliyeonyeshwa bunduki. Kisha akanisimulia. Nyumba ya nne ilikwenda vizuri, akaambiwa sweta kumi na mbili. Alipotoka kuelekea ya tisa, ilibidi apite ya tano, na dirishani alikuwepo shangazi yake Billa, vikombe viwili vimeshapangwa mezani. Angefanyaje? Akaingia. Alipotoka ya tano, wa sita walimwona. Alipanda barabara nzima hivyo mpaka nyumba ya mwisho, akashuka, akamalizia ya tatu, ya pili na ya kwanza, kwa sababu hao walikuwa wamesimama nje wakimsubiri.

Nikachukua daftari. Wastani: thelathini na tatu. Namba ya kati: thelathini na tatu. Hakuna namba hata moja iliyojirudia. Nimefundisha hesabu miaka minne, na sijawahi kuona watu halisi wakinyooka namna ile. Nikazisoma kama alivyozikusanya, nyumba kwa nyumba. Nyumba ya nne kumi na mbili. Ya tano kumi na tatu. Ya sita kumi na nne. Ya saba kumi na tano.

"Eyðvør," nikamwambia, "ulipofika kwa shangazi Billa, alikuuliza nini kwanza?"

"Aliniuliza wa nne wamesema ngapi."

"Na ukamwambia."

"Ni shangazi yangu."

Ilikuwa ngazi. Kila nyumba ilikuwa imeipita jirani kwa sweta moja, barabara nzima, hadi kwa Bibi Sanna wa nyumba ya kwanza, mjane mwenye umri wa miaka themanini na mmoja anayeishi peke yake na redio, ambaye alitangaza sweta hamsini na nne. Nyumba ya ishirini na nne anakaa Jákup, kapera, mtu ambaye tangu nimjue amevaa sweta moja ya kijivu. Alikuwa ameandikisha thelathini na mbili.

Nilimweleza Eyðvør kwamba hatukuwa na majibu arobaini na matatu. Tulikuwa na jibu moja na mwangwi wake. Kila jibu lilitakiwa lisimame kwa miguu yake lenyewe, lisiegemee la jirani, na haya yalikuwa yameegemeana kama walevi. Angerudia, nyumba nane tu zile za kofiani, bila kumwambia mtu namba ya mwingine, na safari hii ahesabu kwa macho, sweta zikiwa mezani.

Akauliza atapitaje mbele ya madirisha mengine thelathini na tano. Lilikuwa swali zuri. Barabara ni moja. Upande mmoja mlima, upande mwingine bahari. Mtihani ulikuwa umebakiza siku tisa.

Jibu alilitoa Høgni siku iliyofuata, akiwa amesimama na kiti cha mtoto kimemng'ang'ania.

"Aswage kondoo," alisema.

Alikuwa sahihi kabisa, na niliona aibu kwamba sikuwaza. Mtu anayeswaga kondoo hasimamishwi na yeyote, kwa sababu ukimwita aingie, na kondoo ataingia. Hata mchungaji wa kanisa anampisha. Høgni alikuwa na kondoo dume mmoja mzito aliyeitwa Askofu kwa jinsi alivyokuwa akitembea kifua mbele na kutazama watu kama wenye dhambi. Akatukopesha.

Jumamosi Eyðvør akaianza barabara, kamba mkononi, daftari kifuani. Mimi nilifuata kwa mbali nikijifanya natazama ndege. Mpango ulifanya kazi vizuri kuliko nilivyotegemea, kwa sababu Askofu hakuhitaji kuswagwa. Yeye ndiye aliyemswaga Eyðvør. Shangazi Billa alikuwa dirishani na vikombe vyake. Eyðvør alipita mbele yake kwa kasi ya kondoo, visigino vikikwaruza lami, akajitahidi kumpungia. Shangazi alipunga pia. Hakukuwa na kosa lolote. Ilikuwa dhahiri kwamba mpwa wake hakuwa na uamuzi katika jambo lile.

Penye nyumba ya tisa Eyðvør alimfunga Askofu kwenye nguzo, na wakati sweta zinahesabiwa ndani, kondoo alikula viazi vichanga mistari miwili. Penye ya kumi na nne alikula gazeti. Kwa kuwa kila mwenye nyumba alitaka kondoo aondoke upesi, hakuna aliyepata muda wa kuuliza jirani amesema ngapi. Sweta zilitupwa mezani, zikahesabiwa, kwaheri. Malan wa nyumba ya ishirini na tisa, mfumaji anayejulikana visiwa vyote, alikuwa nazo arobaini na moja. Mara ya kwanza alikuwa amesema thelathini na saba. Eyðvør akamuuliza kwa nini alizipunguza, naye akajibu kwamba jirani yake alikuwa ametaja thelathini na sita, na kumpita mtu kwa zaidi ya moja ni kujidai.

Kwa Jákup ndipo palipotokea shida ya kitaalamu. Alikuwa na sweta mbili: moja mwilini, nyingine kwenye kamba ya nguo. Eyðvør alipokuwa akiandika hiyo namba, Askofu nje alikuwa ameshakula mkono mzima wa ile ya kwenye kamba na ameanza kola.

"Niandike mbili au moja na nusu?" Eyðvør aliniuliza kwa sauti, kutoka mlangoni, akisahau kwamba mimi natazama ndege.

Høgni, aliyekuwa amekuja kumtetea kondoo wake, alisema kwamba sweta isiyo na mkono ni kizibao, na kizibao hakimo kwenye utafiti. Jákup alisema yeye angependa kujua nani atamlipa. Nikasema jambo linalohesabiwa ni lile lililokuwepo swali lilipoulizwa, na swali liliulizwa sweta ikiwa nzima. Mbili. Eyðvør akaandika mbili, na pembeni, kwa maandishi madogo, sababu.

Kumi na mbili, tisa, saba, kumi na nne, mbili, arobaini na moja, kumi na moja, nane. Wastani kumi na tatu, namba ya kati kumi. Eyðvør alizipanga zile namba kwa ukubwa, kisha akasema mwenyewe, bila kuulizwa, kwamba Malan ndiye kondoo mnene.

Siku ya mtihani mtahini aliteremka kwenye feri. Alikuwa Mdenmaki mwembamba aitwaye Preben Holk, mwenye koti lisiloweza upepo wetu, na alikuwa amebisha hodi shuleni mara nne kabla hatujatambua kwamba ile kelele ni mtu. Mimi kama mwalimu nilikaa pembeni ya meza ya kijani, bila kuruhusiwa kusaidia hata kwa nyusi. Eyðvør akavuta karatasi. Ilikuwa sampuli.

Alieleza maana kama kawaida yake, bila kosa. Alieleza kofia na namba nne. Kisha Bwana Holk akavua miwani, na nikajua linalokuja.

"Kijiji chenyewe kina nyumba arobaini na tatu tu," akasema. "Kwa nini hukuwauliza wote?"

Eyðvør aliweka kiganja juu ya daftari.

"Niliwauliza wote," akasema. "Wakanidanganya wote."

Akafungua daftari kwenye ile ngazi, akaligeuza kumwelekea. Bwana Holk alifuata namba kwa kidole, kumi na mbili, kumi na tatu, kumi na nne, na nilimwona akianza kutabasamu alipofika ishirini na kitu. Eyðvør akamwambia kwamba ukiuliza wote vibaya unapata uongo mwingi uliopangwa vizuri, na ukiuliza wanane kwa haki unapata kitu unachoweza kukiamini, mradi ukiri kwamba kinayumba kidogo. Akamwonyesha Malan na kwa nini namba ya kati inasema ukweli zaidi hapo kuliko wastani. Akamweleza kwamba kijiji kizima kwa hesabu ya kwanza kina sweta elfu moja mia nne na kumi na tisa kwa watu tisini na mmoja, pamoja na Jákup. Bwana Holk akauliza kile kiandiko kidogo pembeni ya namba mbili ni nini. Akaelezwa. Ilibidi atoke nje kidogo.

Alimpa alama kumi. Katika alama zetu, juu ya kumi ipo kumi na mbili tu, ambayo mimi sijawahi kumwona mtu akipewa. Eyðvør alikaa kwenye ngazi za shule akalia na kucheka, Høgni akamletea maji kwenye kikombe cha mtoto chenye picha ya bata. Bwana Holk alielekea bandarini kwa miguu, akapita mbele ya dirisha la kwanza, akaitwa ndani, na feri ikaondoka bila yeye. Nadhani ndani ya siku hiyo alitembelea nyumba kumi na moja.

Na katika kila nyumba alisimulia habari za mtihani ule. Kufikia Jumapili, kijiji kizima kilijua kwamba kondoo alikuwa hila, kwamba nyumba nane zimeandikwa kwenye karatasi rasmi na thelathini na tano zimeachwa, na kwamba ngazi yao ilikuwa imechekwa na Mdenmaki.

Baada ya ibada kuna kahawa katika ukumbi wa kanisa. Nilipoingia, Bibi Sanna wa nyumba ya kwanza alikuwa amekaa katikati na karatasi mbele yake. Alinieleza kwa upole, kama mtu anayemweleza mtoto kwamba amekojoa kitandani, kwamba wazee wameandika barua kwa bodi ya mitihani. Barua inasema utafiti wa Eyðvør ulifanywa kwa dharau, kwa kubagua nyumba, na kwa kutumia mnyama, na inaomba matokeo yatazamwe upya. Lakini hawakuwa watu wa ugomvi. Mimi nikisimama nikawaomba radhi wale thelathini na tano, na kukiri kwamba kuwaruka lilikuwa kosa, barua itaingia kwenye jiko.

Eyðvør alikuwa mlangoni. Uso wake ulikuwa na rangi ya minofu.

Kusema kweli, ni rahisi kuomba radhi. Nimeomba radhi mara nyingi katika ukumbi ule, hata kwa mambo aliyoyafanya mama yangu. Lakini nikisema mbele ya watu wote kwamba kuwaruka lilikuwa kosa, nitakuwa nimesema kwamba namba zake ni kosa, na barua ya pili itaandikwa kwa maneno yangu mwenyewe.

Nikawaambia kwamba hakuna aliyebaguliwa. Kofia haimjui mtu. Nyumba ya Bibi Sanna ilikuwa na nafasi sawa kabisa na ya Jákup, na kama ingetoka namba moja badala ya nne, Askofu angekula viazi vya Bibi Sanna. Baadhi ya watu walianza kutikisa vichwa kukubali, hasa wenye bustani.

"Hamsini na nne zangu hazikuandikwa," akasema Bibi Sanna.

"Basi tuziandike leo," nikasema. "Bodi itataka kujua barua ina ukweli gani. Twende kwako sasa hivi, sote, tuziweke mezani tuzihesabu. Kisha kwa shangazi Billa. Kisha twende na barabara nzima mpaka juu."

Hakuna aliyeinuka. Shangazi Billa aligundua kwamba kahawa yake inahitaji sukari, yeye ambaye hatumii sukari. Mtu nyuma alisema upepo ni mkali mno kwa wazee kutembea. Bibi Sanna aliikunja ile barua mara mbili, mara nne, akaiweka chini ya sahani ya keki, akaisukuma sahani ile kuelekea kwa Eyðvør, ambaye kwa mara ya kwanza siku hiyo alikubali kipande.

Kisha Bibi Sanna akanishika mkono na kunivuta karibu.

"Barua haiendi popote, mwanangu. Mwache msichana aende akazalishe watu. Lakini tumekaa hapa wote tumevunjiwa heshima. Sema neno moja tu, la adabu, yaishe."

Watu wote waligeuka kunisikiliza.

"Siombi radhi, Bibi Sanna," nikasema. "Neno hilo likitoka, namba za Eyðvør zinakuwa kosa. Leo siombi, na kesho siombi."